Waliogonga Kwanza

Uzi ulirudi kwetu ndani ya chupa, Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa kwenye chumba cha kupasulia namsema binti mmoja kwa kufuga kucha. Mkunga wa nondo wa hariri hafugi kucha. Daktari Kajiru, mkuu wa maabara yetu, aliingia bila hodi na viatu vyake vya nje, kosa ambalo nimewahi kumfukuzia mtu kazi, akasimama mbele yangu.

"Mama Nampombe, naomba tutoke."

"Sema hapa hapa. Nina vifuko mia mbili vinanisubiri."

"Tutoke, mama."

Tukatoka hadi kwenye kibaraza kinachotazama miforosadi, chakula cha viwavi wetu. Mlima wote wa Mvungwe ni miforosadi siku hizi. Kahawa ilishang'olewa zamani, na anayelima tangawizi anaonekana mkaidi. Kajiru akaniwekea chupa mkononi. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kizito, ukiinamisha chupa kinavutika kama mlenda uliolala.

"Huo ni uzi," akasema. "Umetolewa jana kwenye moyo wa mwalimu mmoja wa huko tambarare. Ameanguka akiandika ubaoni. Walipompasua wakakuta kamba zote nne za mlango wa moyo zimeyeyuka. Lebo yake inasema mkono wa Nakijwa Mshana."

Nakijwa Mshana ni mimi.

Nilicheka. Sioni haya kusema kwamba nilicheka, maana uzi wetu hauyeyuki. Kila mgeni anayepanda Mvungwe huonyeshwa lori la mchanga linaloning'inia kwa kamba ya hariri isiyozidi kidole cha mtoto, na lori hilo lina miaka tisa halijashuka. Nikamwambia Kajiru kwamba madaktari wa huko wamechanganya chupa. Yeye alikuwa akitazama mikono yangu.

"Mama, kitabu chenu kinasema vifuko vya mbegu mnavichagua kwa namba zinazotoka kwenye mashine. Bila kuangalia, bila kupendelea."

"Ndivyo kinavyosema."

"Na ninyi mnafanyaje?"

Hapo kicheko kikaniisha.

Viwavi wetu walitiwa vinasaba vya buibui kabla mimi sijaajiriwa. Ndiyo maana uzi wao ni mgumu kuliko waya, na ndiyo maana mwili wa mtu unaupokea bila ugomvi. Lakini ugumu huo una adha yake. Nondo wa kawaida akishakomaa ndani ya kifuko hutema mate, mate yanalainisha ncha, anajipenyeza, anatoka. Wetu anatema mpaka anachoka, kifuko hakisikii, na asipopasuliwa anafia humo humo. Vifuko vingi tunavichemsha na mdudu ndani tukavuta uzi. Vile vichache vya mbegu lazima avipasue mtu kwa wembe, taratibu, asimjeruhi aliyemo. Kazi hiyo ni ya wanawake kumi na wanne, na sisi wenyewe ndio tuliojiita wakunga. Uzi wa uzao wa kila trei huandikwa mkono wa mkunga aliyeipasua.

Mashine ilikuwa inatuambia: pasua namba arobaini. Unakishika kifuko namba arobaini, kimya. Pembeni yake arobaini na moja anakwaruza, ncha imelowa, ukimweka sikioni unamsikia anavyohangaika. Mwanamke gani aliyewahi kuzaa atamwacha anayegonga aende kumwamsha aliyelala? Tangu mwezi wa kwanza tulipasua waliogonga kwanza. Trei ikijaa, waliobaki tunawapeleka kwenye sufuria. Kisha jioni tunakaa na kitabu, tunajaza namba za mashine ili ofisi iwe na amani. Kila mkunga mpya nilimfundisha hivyo mimi mwenyewe, na nilijiona nina huruma.

Nilipomaliza kumweleza, Kajiru alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya kibaraza.

"Vizazi vingapi?"

"Sita kwa mwaka. Miaka saba."

"Arobaini na viwili," akasema. "Vizazi arobaini na viwili, mama, mmekuwa mnachagua wenye mate makali na kuwachemsha wengine. Mate yale sasa yamehamia kwenye uzi wenyewe. Ukikaa mkavu hauna neno. Lori litaning'inia mpaka kiama. Ndani ya mtu, kwenye joto na chumvi, mate yanaamka pole pole. Yanafanya kile tu mlichowafundisha."

"Hatukuwafundisha kitu."

"Mmewafundisha kutoka."

Nilitaka kumpiga kofi. Badala yake nikamuuliza ni watu wangapi walioshonwa kwa uzi wetu. Akasema mia moja thelathini na watatu, hao wa moyo peke yao. Sikumuuliza majina. Jina moja nilikuwa nalifahamu.

"Mikono yote ni hivi?" akauliza. "Wakunga wote?"

"Wote," nikasema. Kisha nikakumbuka. "Isipokuwa Mama Sifaeli."

*

Mama Sifaeli alikuwa mvivu wa kutupwa. Nalisema bila chuki. Mwenyewe alikuwa analisema. Alikuwa anafika saa tatu kwenye kazi ya saa moja, anapasua kifuko chochote kilicho karibu na mkono wake huku akisimulia habari za harusi, anamaliza trei bila kuweka hata kifuko kimoja sikioni. Nusu ya nondo wake walitoka wamekufa au wamekatwa bawa. Miaka miwili iliyopita nilimwondoa, nikampeleka jikoni kupika uji wa wafanyakazi, na trei yake nikaifunga. Mbegu yake ikafa siku hiyo.

Kumbe mkono ule uliokuwa haujali ndio uliokuwa unafuata mashine bila kujua. Hakumpendelea aliyegonga wala aliyenyamaza. Uzi wake ulibaki kama ulivyotoka maabara siku ya kwanza.

Tulikwenda stoo mimi na Kajiru. Gunia la vifuko vyake lilikuwa kwenye kona, nyuma ya madebe ya chokaa, limeandikwa jina lake la ukoo, "Senkondo", kwa chaki. Lilikuwa limebaki kwa sababu hakuna aliyewahi kulitaka. Hospitalini huwa wanamuuliza mgonjwa: unataka mkono wa nani? Watu wanachagua mkunga kama walivyokuwa wakichagua mtu wa kuwazalishia wake zao, kwa sifa zake, na sifa za Mama Sifaeli zilikuwa zimeshafika mpaka tambarare. Wengi walisema, mkono wa Nakijwa.

Kajiru alipima vifuko vile, akapiga hesabu zake, akavua miwani.

"Mioyo tisa," akasema. "Haifiki kumi."

"Vile vifaa vya zamani vya kushonea moyo?"

"Viliacha kuletwa uzi wetu ulipoanza. Nani angevinunua? Nimeshaagiza. Miezi minane, meli ikifanya haraka." Akavaa miwani tena. "Wengi watafika, nadhani. Walioshonwa kwa vizazi vya mwanzo, walioshonwa juzi juzi. Lakini wapo ambao hawafiki miezi minane, na mimi siwezi kuwajua. Kitabu chenu ni uongo mtupu. Sijui trei ipi ilikuwa na mate kiasi gani mwaka gani. Wewe unajua?"

Nilikuwa najua. Trei zangu nazikumbuka kama mwanamke anavyokumbuka uchungu wa kila mtoto. Najua kizazi kipi kiligonga siku moja kabla ya wakati, na kipi kililowesha kitambaa chote.

"Niandikie majina," akasema Kajiru. "Kwa mpangilio. Anayeanza kukatika awe wa kwanza. Watashonwa upya kama utakavyoandika, sitauliza."

*

Nilimkuta Nampombe kwenye tuta la tangawizi, jembe limelala kando, amekaa katikati ya mimea na kiganja kifuani. Ni mwanangu wa pekee, miaka ishirini na minne. Alizaliwa na mlango wa moyo usiofunga. Miezi ishirini na sita iliyopita, walipomuuliza anataka mkono wa nani, aliona swali hilo ni mzaha. Uzi wake niliuvuta mwenyewe, nikachagua trei iliyogonga kwa nguvu kuliko zote, nikijua nampa kilicho bora.

"Mama, shambani na viatu vya kazini?"

"Umechoka?"

"Jua tu."

Hakukuwa na jua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miforosadi, na midomo yake ilikuwa na rangi ya forosadi zilizoiva.

Nikakaa kwenye udongo karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nasikia kuna uzi umeharibika."

"Nani kakwambia?"

"Mama, Mvungwe hii hii? Mpaka mbuzi wanajua." Akang'oa jani la tangawizi, akalivunja, akalinusa. "Ni mkono wako?"

"Ni mkono wangu."

"Basi na mimi ninao," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama ana kiberiti. Akalitupa lile jani. "Na orodha unaandika wewe."

Nikaangalia jembe lake.

"Niandike ninapostahili," akasema. "Usinipendelee. Watu watakuangaliaje? Niandike hapo hapo, na usiniambie ni wapi."

Nikasema nimesikia. Nilijivunia, Mungu anisamehe. Nilijiona nimelea mtu. Tukakaa, akijaribu kuvuta pumzi bila mimi kusikia, nami nikijaribu kutosikia. Baadaye akauweka mkono wake juu ya wangu, na mkono ulikuwa wa baridi.

"Ila naogopa, mama," akasema.

Aliniambia mambo mawili siku ile. Nilirudi nyumbani na moja.

*

Majina manane niliyaandika bila kunyanyua kalamu. Hao walikuwa wazi, na mtu yeyote aliyewahi kushika trei zile angewaandika vile vile. Wa kwanza alikuwa mama mwenye mapacha. Wa nane, fundi wa mabati.

Wa tisa alikuwa Baba Sifaeli.

Mumewe Mama Sifaeli anapiga tarumbeta kanisani. Zamani alikuwa hawezi kumaliza ubeti mmoja, akashonwa, akarudi kupiga mpaka vioo vinatetemeka, na kwa wiki kadhaa sasa alikuwa ameanza tena kukatisha katikati, anajifanya anasafisha tarumbeta. Mkewe alikuja kwangu wakati ule na kapu la maparachichi, akiwa bado mkunga, akasimama mlangoni akicheka kwa aibu. "Mama Nampombe, nipe uzi wako kwa ajili ya mzee," alisema. "Wangu siuamini. Mimi najijua." Nilimpa, na nilimpa kwa majivuno. Laiti ningemwambia tumia wako, mumewe angekuwa salama hadi leo.

Wa kumi alikuwa Nampombe.

Uzi wao ulikuwa wa trei moja, vizazi viwili vinavyofuatana. Baba Sifaeli alitangulia kushonwa kwa wiki tatu. Wiki tatu ni nini? Nilijiambia kizazi kilichofuata kiligonga kwa nguvu kidogo zaidi, basi huenda wako sawa. Nikajiambia yeye ana miaka sitini na miwili, ameshaoa, ameshazaa, ameshapiga tarumbeta. Nikajiambia mwanangu ni mwembamba na mzee yule ana kifua kipana, kama vile upana wa kifua unazuia mate ya nondo. Hoja nilikuwa nazo nyingi, na kila moja ilipoisha nilikuwa na nyingine. Lakini mikono yangu ilikuwa inajua. Wa tisa ni Baba Sifaeli. Wa kumi hafiki miezi minane.

Niliandika tisa, nikaweka nukta. Nikaandika Nampombe Mshana.

Kisha nikaandika kumi, na jina lake mzee, kwa mwandiko mzuri kuliko wa majina yote ya juu. Kesho yake saa mbili asubuhi nikampa Kajiru karatasi. Akaisoma kutoka juu hadi chini. Kwenye tisa macho yake yalisimama, nikahesabu pumzi zangu mwenyewe, nne.

"Una uhakika na mpangilio?"

"Trei zangu nazijua."

"Najua unazijua," akasema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

*

Vifuko vya zamani vinasumbua kuvuta. Gundi yake imekauka, ncha ya uzi haionekani, na ukikosea joto la maji unaukata katikati. Nilikuwa najifunga aproni niifanye kazi hiyo mwenyewe, Mama Sifaeli akaingia kutoka jikoni akijifuta unga mikononi.

"Ni wangu," akasema. "Niachie."

"Mama Sifaeli, huu si wa kuchezea."

"Najua. Niachie."

Ningemkatalia kwa sababu gani? Akakaa kwenye gurudumu la kuvutia uzi, akatumbukiza vifuko kwenye maji, na kwa siku tatu sikumtambua. Alikuwa anafika kabla yangu. Hakusimulia harusi ya mtu. Alikuwa anaitafuta ncha ya kila kifuko kwa mswaki laini kama anayemtoa mtoto uchafu jichoni, akipima joto la maji kwa kiwiko, na uzi haukukatika hata mara mbili. Wakunga wengine walikuja kuchungulia mlangoni. Wengine walitaka kucheka, wakashindwa.

Siku ya tatu, akiwa amebakiza vifuko vichache, aliniuliza bila kuniangalia.

"Baba Sifaeli ni wa ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu Alhamisi.

"Wa kumi."

Gurudumu likasimama. Maji yalikuwa yanatokota kidogo kidogo kwenye beseni, na kifuko kimoja kilikuwa kinazunguka peke yake.

"Na wa tisa?"

"Nampombe."

Akatikisa kichwa pole pole, kukubali. Nilimtazama usoni, nikitafuta shaka. Kama ningeiona hata chembe, nadhani ningesema yote pale pale, kwa hasira kama si kwa toba. Hakuwa nayo.

"Kama ungekuwa mtu mwingine ningeuliza mara mbili," akasema. "Lakini wewe ulinitoa kazini kwa ajili ya mabawa ya nondo. Hujawahi kumpunja mtu hata kifuko." Akapangusa jicho kwa bega, maana mikono ilikuwa imelowa. "Afadhali yeye bado mdogo. Na ngoja kwanza. Kajiru amepiga hesabu ya uzi wangu kama ninavyouvuta siku zote, nusu unaenda na maji. Nikiuvuta vizuri, nani anajua? Labda utafika wa kumi."

Akarudi kwenye gurudumu.

Nilikaa kwenye benchi nikimtazama mwanamke yule akijaribu kumuokoa mumewe kwa kutopoteza hata unywele mmoja. Alivikwangua vifuko mpaka ngozi ya ndani ambayo sisi huwa tunaitupa. Alirudia vilivyokwishachemshwa. Jikoni walikuja kuuliza kuhusu uji, akawafukuza. Kuanzia saa nne hadi saa tisa mchana hakunyanyuka, na mimi sikunyanyuka pia, na mara kadhaa nilifungua mdomo. Kila nilipoufungua niliusikia mkono wa baridi juu ya wangu, nikaufunga.

Saa tisa kifuko cha mwisho kilizama, kitupu.

Kajiru alikuja kupima. Alizikata sehemu tisa, akazifunga kwenye vibati vyake, akaandika majina. Sehemu ya kumi aliiweka kwenye rula iliyopigiliwa mezani, akaivuta, akaivuta tena kutoka upande mwingine. Zilihitajika mita nne. Ilikuwa mita moja na robo.

"Samahani sana, mama," akamwambia.

"Si neno, daktari. Nilikuwa najaribu tu."

Kajiru alipotoka na vibati vyake, Mama Sifaeli alibaki ameukunja uzi ule uliobaki kwenye kiganja, akiuviringisha kwa kidole gumba. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji na vimevimba. Aliuangalia muda mrefu. Kisha akasimama, akaja hadi kwenye benchi, akaninyooshea.

"Huu hautamfikisha mzee popote," akasema. "Mpelekee daktari autie kwa Nampombe. Wamshone mara mbili pale panapovuta, asije akapata shida tena yule mtoto."

Nikaupokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea, nikasema asante.